Alasiri ya Jabalini

Picha ilikuwa juu ya meza, kati ya Luteni Mahbuba na Veneranda, na kila Mahbuba alipoitupia jicho alizidi kukasirika.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, afande. Nimeshasema ni mimi mpaka ulimi umechoka."

"Umevua viatu."

"Kila mtu anavua. Kuna kibao chini ya ngazi, kimechorwa viatu vimepigwa mstari. Pale ni patakatifu pao. Hata kwetu Bukoba mwanaume akiingia kanisani anavua kofia."

"Na mkono huu kifuani?"

"Napiga ishara ya msalaba. Nilikuwa namwombea bibi goti lake." Veneranda akaisukuma picha kwa ncha za vidole. "Sasa kumwombea bibi ndiyo imekuwa wizi?"

Hakuwa akilia. Pale idara ya polisi ya Maskati walizoea watumishi wa nyumbani wanaolia na kuomba msamaha hata kwa wasilolitenda, na huyu kwa kuwa alikaa wima na kujibu neno kwa neno, walimwona jeuri. Ujeuri huo wakauhesabu kuwa ni ushahidi. Mnyonge akinyamaza ana hatia, akisema ana hatia zaidi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana Hisham, mwenye duka la vitu vya kale Matrah, alimpeleka mama yake, Bi Kheiria, Thailand kutibiwa goti. Veneranda alikwenda nao kumhudumia bibi. Bibi alipopata nafuu wakatoka kutembea, wakafika kwenye hifadhi moja ya msitu huko kaskazini mashariki, penye magenge marefu ya mawe ya mchanga na mapango ambamo watu wa dini ya Buddha wamekuwa wakiabudu tangu enzi na dahari. Siku ile mvua ilikuwa imewafukuza wageni wengine wote. Mtawa anayetunza pango aliiona sanamu moja ndogo ya shaba mahali pake adhuhuri alipopeleka maua. Jioni alipokwenda kufunga, haipo. Baina ya nyakati hizo walipanda watu wawili tu, Hisham na Veneranda, kwani bibi alibaki chini garini na dereva, goti lisingeziweza zile ngazi. Sanamu ikaja kuonekana uwanja wa ndege wa Maskati, kimo chake kama cha dele la kahawa, imeshonewa chini ya bitana ya begi la Veneranda.

"Hilo begi ulilinunua wapi?" aliuliza Mahbuba.

"Sikulinunua. Baba Hisham ndiye alinipa kule Bangkok, siku tunaondoka. Akasema lile langu limechakaa, linamtia aibu. Nikatia nguo zangu juu, nikafunga zipu. Ningejuaje kama chini kuna kitu cha ibada ya watu?"

"Bwana Hisham anasema hajakununulia chochote."

"Basi anasema uongo. Muulizeni bibi."

Bibi hakuulizwa. Hisham alieleza kwamba mama yake ni mgonjwa, moyo hauko sawa, daktari amekataza asisumbuliwe. Idara ikaridhika, maana mtu wa heshima akisema mama yake mgonjwa, nani atakwenda kupima?

"Wamesema kesho wananirudisha kule," alisema Veneranda. Kwa mara ya kwanza sauti ilimtikisika, lakini kwa ghadhabu. "Nikifungwa kule, nani atakuja kuniona? Hata neno la kuomba maji kwa lugha yao silijui. Wewe andika unavyotaka, afande. Ila mimi sikuiba."

Mahbuba aliichukua picha akaitazama upya. Pango lilikuwa kubwa, jabali jekundu lenye mistari limejikunja juu kama dari, likiwa limeliwa na mvua na upepo. Nyuma ya Veneranda palionekana mwanga wa nje, na ngazi za mbao, na vilele vya miti, na mbali zaidi ukingo wa genge lililokatika ghafla. Upande wa mbele wa picha zilijipanga sanamu, mabega yamefunikwa vitambaa vya manjano. Aliitia picha mfukoni, akainuka bila ya kuaga.

*

Duka la Hisham lilinukia udi na ubani. Palikuwa na masanduku ya njumu, majambia ya fedha, milango ya kuchongwa isiyo na nyumba, na wateja wa Kizungu wawili waliokuwa wakinong'ona kama wako msikitini. Hisham mwenyewe alivaa dishidasha, kanzu nyeupe ya Kiomani iliyopigwa pasi ikasimama, na kilemba kimefungwa barabara.

"Ahlan, dada Mahbuba. Loai! Kahawa ya mgeni."

"Sikuja kunywa kahawa. Picha hii umepiga wewe?"

"Mimi. Si nimewapa mwenyewe? Mumuone anavyoyaabudu masanamu. Mtu wa namna hiyo akiliona la kuchukuliwa, ataliacha?"

"Ulisimama wapi ulipoipiga?"

"Nje, kwenye ngazi. Nimeshaeleza na nimetia saini. Mle ndani sikutia mguu. Mie Mwislamu, n'ende nikafanye nini kwenye masanamu?"

Mahbuba aliiweka picha juu ya kioo cha meza, akaigeuza ielekee kwake.

"Veneranda anaelekea wapi?"

"Kwangu."

"Na mlango wa pango uko wapi?"

Hisham aliinama kutazama. "Nyuma yake."

"Na haya masanamu, naona nyuso au visogo?"

Loai akaja na kahawa, Hisham akampungia mkono arudi nayo.

"Visogo," alisema Mahbuba. "Masanamu yanatazama mlango. Veneranda anayatazama masanamu. Na wewe uliyepiga picha uko nyuma ya masanamu, mgongo ukutani, ndani kabisa pasipofika hata wenye dini yao. Au ulipenya jabali?"

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi, lakini Hisham alikuwa hodari wa kuirefusha. Alicheka kidogo, akajifuta paji la uso kwa ncha ya kilemba.

"Haya, niliingia. Niliona haya kusema, dada yangu, wewe unawajua watu wetu. Ingekuwa maneno kutwa kucha, Hisham kaingia kwenye masanamu. Lakini nilitoka papo hapo. Alasiri ilikwishaingia. Nikamwacha yeye mle, nikazunguka upande wa pili, kuna mwamba mkubwa umekaa kama uyoga, nikatandika shali yangu juu yake nikaswali. Nikaleta na nyiradi zangu kwa utulivu. Niliporudi nikamkuta yuko chini ya ngazi, mfuko begani." Akashusha sauti, kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Sasa hapo utaniuliza nini tena? Utamuuliza mtu swala yake?"

Kweli, alikuwa amejenga ukuta mahali pazuri. Aliyebaki peke yake pangoni, kwa maneno hayo, ni Veneranda. Na mwanamume mwenye heshima zake akisema alikuwa mbele ya Mola wake, polisi gani atasimama aseme unasema uongo? Mahbuba aliondoka dukani meno yameumana.

Hajafika kwenye gari, simu ikalia. Mkubwa wake, Meja Muatasim.

"Nimepigiwa na Hisham. Eti umemhoji kuhusu swala yake?"

"Amejificha nyuma yake, afande. Alidanganya kuhusu pango, nimemkamata, akakimbilia swala."

"Sikiliza. Mashahidi wa swala ni Mungu na malaika, na hao mimi sina namba zao. Mwanamke anakabidhiwa kesho. Funga jalada."

"Yuko shahidi mmoja hajaulizwa. Mama yake."

"Mama yake ni mgonjwa, Mahbuba. Kizee wa watu akitufia mikononi, utakwenda wewe kuukabili ukoo mzima? Usiende kwao Sib. Umenisikia?"

"Nimekusikia, afande."

Alimsikia vizuri sana. Kisha akawasha gari akashika barabara ya Sib.

*

Mgonjwa alikuwa jikoni. Alisimama mbele ya jiko, bakora imening'inia kwenye mkono, akimfokea mtumishi mpya wa Kihindi kwa Kiswahili, Kiarabu na vidole, kwa sababu mkate wa kumimina umeshika chini. Rangi yake ilikuwa njema na sauti yake ilifika barabarani. Mahbuba aliposimama mlangoni akamwona hivyo alivyo, moto ukampanda upya. Moyo hauko sawa!

"Shikamoo, Bi Kheiria."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

"Mahbuba binti Nasr, wa Sidab."

"Nasr yupi? Yule wa Malindi ya Unguja, aliyekuwa na kaka yake fundi saa?"

"Huyo huyo, ndiye babu yangu. Baba kapewa jina lake."

"Alaa! Basi wewe wetu. Pita ukae, usisimame kama mdai."

Walikaa barazani ndani, juu ya mito. Bi Kheiria aliusogeza mguu wake mgonjwa mbele kwa mikono miwili, akamwaga kahawa mwenyewe. Safari hii Mahbuba alikunywa. Alisema ukweli, kwamba anafanya kazi polisi na amekuja kuuliza habari za safari yao ya Thailand. Bibi hakushtuka hata kidogo.

"Ni mambo ya forodha hayo? Hisham huwa nayo kila siku, na vitu vyake hivyo vya kale. N'ulize, nikwambie."

"Veneranda yuko wapi, Bibi?"

Uso wa bibi ukanywea. "Kaondoka. Hisham kanambia dada yake huko Bukoba, Pelagia, anaumwa, akatokea uwanja wa ndege huko huko, mie nimeshatangulizwa garini, akenda kwao. Hata kuniaga! Mtoto n'liyekuwa naye miaka yote hii, ananiogesha, ananisugua goti usiku, anaondoka bila ya kwaheri. Nimeumia, sikufichi. Nimesema mwanaadamu hana shukrani."

Mahbuba alikiweka kikombe chini taratibu. Alitamani aseme pale pale. Lakini shahidi aliyekwisha kukasirika ni nusu shahidi, naye alimtaka mzima.

"Nihadithie siku mliyokwenda msituni."

"Aa, pazuri, mshaallah! Miti, tena unyevunyevu, harufu ya udongo kama kwetu Unguja siku ya mvua. Na majabali yale mekundu, yamesimama, mengine yamebeba mengine juu, husemi kama yatadumu. Mie nilibaki garini. Dereva akaninunulia ndizi za kuchoma. Nikawaona watawa wao wanapita na mashuka ya manjano, wanateremka pekupeku na mvua ile. Nikamwambia Hisham, dini yao ni yao, lakini pahala pa ibada pana heshima yake, vua viatu na usiguse kitu."

"Akakujibuje?"

"Akasema, mama, mimi si mtoto. Na kweli si mtoto. Wallahi, watoto wa siku hizi wangapi wanakwenda safari na swala zinawapita? Hisham hapotezi. Siku ile ile, kabla ya kutoka hotelini, alinambia, mama, kule juu mvua na matope, hatujui kama tutapata pahala, tuswali kabisa. Akasimama mbele, mie nyuma yake juu ya kiti kwa hili goti. Akanisalisha adhuhuri na alasiri, tukenda zetu roho zimetulia."

"Adhuhuri na alasiri?"

"Zote mbili. Tumekusanya na kupunguza, rakaa mbili mbili. Msafiri hupunguza, hilo kwetu sisi halina mjadala. Hukufunzwa kwenu?"

"Nimefunzwa, Bibi. Na begi jipya la Veneranda, unalikumbuka?"

"La kijani? Namkumbuka na aliyelinunua! Hisham. Alilileta chumbani kwangu kwanza, nikasema Mungu akuzidishie, unamkumbuka na mtumishi. Ana huruma mwanangu yule."

Mahbuba alivuta pumzi. Kazi yake ilikuwa imekwisha na ilibaki sehemu mbaya. Alimsogelea bibi, akamweleza yote bila ya kupamba: sanamu, bitana, mahabusu, kesho. Akamweleza na alasiri iliyoswaliwa juu ya mwamba.

Bi Kheiria alisikiliza mpaka mwisho. Midomo ikawa inacheza bila ya sauti. Kisha akainua simu yake, akabonyeza, akasema maneno matatu tu.

"Hisham. Njoo nyumbani."

*

Hisham aliingia na viatu mkononi, akamwona Mahbuba, akavitupa.

"Wewe mwanamke huna adabu! Nilisema mama mgonjwa!"

"Mgonjwa nani?" aliuliza Bi Kheiria.

"Mama, huyu—"

"Veneranda yuko wapi?"

"Si nilikwambia, amekwenda kwao—"

"Yuko wapi?"

Hisham alimtazama Mahbuba, akamtazama mama yake. "Ameiba, mama. Sikutaka kukutia huzuni."

"Na wewe ulikuwa wapi akiiba?"

"Nilikuwa naswali. Alasiri."

"Na hotelini tuliswali nini?"

Mahbuba aliona jinsi mtu yule anavyotafuta pa kutokea.

"Adhuhuri," alisema Hisham.

"Adhuhuri peke yake?"

"Peke yake, mama. Juu ya mwamba labda niliswali na sunna mbele, sikumbuki, lakini alasiri niliiswalia kule. Umesahau. Dawa za goti zile zilikuwa zinakulevya, daktari alisema mwenyewe. Ulikuwa unachanganya hata siku."

Akamgeukia Mahbuba, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayeomba mzee astahiwe. Alikwishamtupa mtumishi, sasa anamtupa na mama.

"Nimesahau," alisema Bi Kheiria polepole.

Aliinuka kwa bakora, akaenda bafuni. Wakasikia maji ya bomba.

"Umefurahi?" alinong'ona Hisham. "Kumwingiza mama wa watu kwenye uchafu huu?"

"Uliyemwingiza ni wewe. Mimi nimemkuta humu."

Bibi akarudi, uso na mikono inachuruzika maji, mtandio umefungwa vizuri. Alitandika mswala kuelekea kibla, akakivuta na kiti chake nyuma yake. Hakuna aliyemsaidia, kwa sababu hakuna aliyethubutu.

"Nisikilize, Hisham. Kama siku ile tuliswali adhuhuri tu, basi alasiri yangu mimi sikuiswali. Imenipita. Mie mtu mzima, sijui kama nitaamka kesho, na swala ni deni, sitaki kwenda nalo kaburini. Kadha, swala ya kulipa, haichagui wakati. Nailipa sasa hivi, rakaa mbili za msafiri, kama ilivyonipita." Akashika mgongo wa kiti. "Lakini wewe ndiye uliyekuwa imamu wangu. Wewe ndiye unayejua. Basi simama hapa, tazama kibla, uniambie: mama, alasiri ile hukuswali, ilipe."

Hisham hakusogea.

"Sema. Maneno hayo tu."

"Mama, kaa kitako. Goti lako."

"Goti langu niachie. Sema."

"Mama, haina haja..."

"Haina haja kwa sababu gani?"

Mtumishi wa Kihindi alikuwa amejitokeza kwenye mlango wa jikoni, akarudi nyuma. Jasho lilikuwa limeivunja ile shingo ya dishidasha ya Hisham iliyosimama tangu asubuhi.

"Nakuuliza wewe! Haina haja kwa sababu gani?" Bi Kheiria alipiga bakora chini, vikombe vikaruka kwenye sinia. "Kwa sababu niliiswali! Niliiswali nyuma yako, nawe ukaitoa salamu kulia na kushoto, kisha ukaenda ukaiba kwenye nyumba ya ibada ya watu, ukasema ulikuwa kwa Mungu! Na mtoto wa watu ukamshonea wizi wako kwenye nguo zake, nami nikakaa hapa namlaani hana shukrani!"

Hisham alikaa chini, taratibu, pale pale alipokuwa, nje ya mswala.

"Nilikuwa na mteja," alisema. Sauti haikuwa yake. "Alinionyesha picha ya ile sanamu, muda mrefu sasa. Mama, sikujua kama wangeikamata. Nilidhani begi litapita tu, nitaitoa humo, na Veneranda hatajua lolote."

"Na lilipokamatwa?"

Mahbuba alikuwa amekwishatoa simu. Meja Muatasim alipokea kwa kelele, na Mahbuba alimwacha amalize.

"Ndiyo, afande, niko Sib. Ndiyo, nilikusikia. Makabidhiano ya kesho yasimame. Hisham amekiri mbele yangu na mbele ya shahidi, tuma gari la kumchukua." Alisikiliza. "Shahidi mama yake. Hapana, mgonjwa si yeye."

Bi Kheiria alikuwa akiukunja mswala. Akauacha nusu, akamwita mtumishi amletee abaya yake.

"Unakwenda wapi, mama?" aliuliza Hisham.

"Kumtoa Veneranda. Mlango ukifunguliwa, nataka uso wa kwanza auone wangu."

"Mama, watanifunga."

Bibi alitia mkono mmoja kwenye abaya, akasimama kumtazama mwanawe pale sakafuni.

"Na yeye ulikuwa unampeleka wapi? Harusini?"

Akamaliza kuvaa, akamshika Mahbuba mkono kwa ajili ya ngazi, na wakatoka.